Historia ya Gundi, Aliyeifungua Fidla ya Mkewe Mara Kumi na Moja

Ndugu, jamaa na majirani, shemeji wa marehemu ndiye aliyepewa karatasi hii aisome, naye anaomba radhi mapema, maana ni mtu wa maneno mengi na leo hana mengi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Gundi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake seremala, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano, akasoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1958 hadi 1965, ambako hesabu zilimpiga chenga lakini madawati mabovu yote aliyatengeneza yeye.

Tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa katika duka la ala za muziki karibu na stesheni, akajifunza kutengeneza fidla, na ni pale kaunta alipogombezwa na mteja mmoja mkorofi kuhusu upinde uliolegea, akamwoa mteja huyo huyo tarehe 18 Agosti 1979, wakajaliwa mabinti wawili.

Mke huyo alikuwa na fidla kuukuu ya babu yake, yenye sauti ya kumsimamisha mpita njia, na Mei 1984 ilipopata ufa, marehemu aliifungua, akakuta kwamba ule ubao mwembamba wa ndani, unaoshikilia uso wa fidla chini ya nyuzi nzito, haukubandikwa kama alivyofundishwa, bali ulichongwa pamoja na uso wenyewe, mti mmoja, naye akadhani ni uvivu wa fundi wa kale, akachukua patasi, akaukwangua wote, akabandika mpya, safi kabisa. Jamani! Fidla ikafa sauti.

Mti ukishakwanguliwa haurudi, hilo alilijua kuliko sisi sote, lakini kwa miaka thelathini na minane aliifungua tena na tena, akibadilisha ubao, huku mkewe, aliyekwisha kumsamehe wiki ile ile, akimsihi yaishe, naye akijibu kila mara, bado kidogo tu, mama watoto. Dada wa watu hakuwahi kumaliza wimbo nyumbani, kwani akianza tu, marehemu aliinuka, akaitoa fidla mkononi mwake, akairudisha mezani. Tulimkasirikia, tukamwonea huruma, hatukuwa na la kufanya.

Septemba 2020 mikono ilianza kutetemeka, akalazwa tarehe 3 Juni 2022, akafariki dunia Jumanne tarehe 7, saa nne asubuhi, fidla ikiwa wazi mezani, na binti mkubwa ndiye aliyeifunga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani wa ghorofa ya pili waliovumilia harufu ya gundi, na mafundi wenzake waliokuja kumnyoa hospitalini.

Jana asubuhi mjane aliipiga fidla hiyo mwanzo hadi mwisho, sauti ni ile ile mbovu, hakuna aliyeinuka kumpokonya, akamaliza, akabaki ameishika, hajui amkabidhi nani.

Pumzika sasa, shemeji, umechoka sana.