Bwana Kata na Swichi ya Jengo la Pili

Ndugu, jamaa na wote mliofanya kazi naye, poleni kwa kusimama muda mrefu, familia imemtuma mdogo wa marehemu, kitinda mimba wa kike, aisome historia hii, naye ameiandika mara tatu, kwa sababu mbili za kwanza hazikuwa za kweli.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji, na tangu utotoni hakuna redio ya nyumbani iliyokwepa mikono yake, baadhi zilipona, nyingine Baba alizifagia. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, sekondari hadi 1979, kisha chuo cha ufundi, akahitimu ufundi simu Novemba 1982. Tarehe 3 Januari 1983 aliajiriwa hospitalini kutunza simu, na kompyuta zilipoingia akajifunza ukubwani, kwa miwani ya kuazima, hadi akawa msimamizi wa mtandao mwaka 2001. Tarehe 16 Aprili 1988 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, wakajaliwa watoto watatu.

Kazi aliyoipenda ni kugawa swichi, yaani kufanya kifaa kimoja kibebe mitandao kadhaa isiyoingiliana, maabara namba yake, duka la dawa namba yake, masjala namba yake, zote zikipita kwenye waya mmoja kati ya majengo mawili. Jumanne, tarehe 11 Agosti 2009, saa nne asubuhi, namba ya wodi mpya ilipaswa kuongezwa kwenye orodha ya zinazoruhusiwa kupita, badala yake ikaandikwa peke yake, na swichi, ambayo haiulizi mara mbili, ikafuta nyingine zote, majibu ya maabara yakakwama, foleni ya dawa ikafika getini, na hata njia ya kuirekebisha ukiwa mezani ikakatika. Kaka alivuka ua kwa miguu hadi jengo la pili, akauliza kama mabadiliko yalikuwa yamehifadhiwa, alipoambiwa bado akashusha pumzi, akaizima swichi na kuiwasha, nayo, kwa kuwa ikizimwa husahau yasiyohifadhiwa, ikarudi na orodha yake ya zamani.

Jioni aliandika ripoti, kosa akaliweka kwa jina lake. Alishushwa cheo, akapelekwa stoo ya nyaya, akakaa huko miaka kumi na miwili hadi alipostaafu Juni 2021, na nyinyi wenzake mkambandika jina la Bwana Kata, yaani aliyekata mtandao, naye akaliitikia, mkacheka, akacheka.

Aliyeandika namba ile ni huyu anayewasomea. Alikuwa na miezi miwili kazini chini ya kaka yake, yuko kwenye majaribio, mjane mwenye watoto wawili, na Kaka alimwambia tu kwamba yeye mwenyewe ameshazoea kuchoka, basi mdogo wake akae kimya afanye kazi. Akakaa kimya, na leo anakalia kiti kilichokuwa cha kaka yake, kiti ambacho hakijawahi kuwa laini.

Figo zilianza kumsumbua Machi 2022, akalazwa mara tano, mara ya mwisho katika wodi ileile mpya, akitazama taa ya kijani ya mtandao ukutani na kusema walau hiyo inafanya kazi, hadi Ijumaa tarehe 2 Februari 2024, saa tisa alasiri, alipofariki. Ameacha mke, watoto watatu na wajukuu wawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia bila kuhesabu zamu, majirani waliopika na kufua kwa wiki tatu, na wafanyakazi wenzake mliobeba jeneza. Tuna ombi moja kwenu, jina la Bwana Kata msimzike nalo, mrudishieni mwenyewe, yuko hapa mbele yenu na ataliitikia.

Kaka, umebeba vya kutosha, na vingine havikuwa vyako. Viweke chini sasa, upumzike kwa amani.