Pomboo Wamehama, Maboya Yamebaki

Basi lilikuwa nusu tupu na kinyozi alitaka kusinzia, lakini mvuvi aliyekaa mbele yake alikuwa akijisifu kwa dada mmoja wa hifadhi ya pomboo.

"Dada yangu, sheria yenu naiogopa kuliko mama mkwe. Tangu mweke yale maboya ya mpaka wa hifadhi, nyavu zangu zote natega nje ya mstari. Ndani sitii hata mguu."

Dada hakucheka. Alifungua ramani kwenye simu. "Alama hizi nyekundu ndipo pomboo walipoonekana mwaka huu."

Mvuvi aliinama kutazama. Kinyozi naye, ambaye hakualikwa, akarefusha shingo. Alama zote zilikuwa nje ya maboya. Ndani hapakuwa na hata moja.

"Maji yamepata joto, samaki wamesogea, nao pomboo wamewafuata," dada alisema kwa sauti ndogo.

"Salaale! Mpangaji kahama, nyie bado mnalinda kitanda chake! Na sisi mkatusukumia kwenye mlango wake mpya!"

"Kaka, nyavu zako ziko majini sasa hivi?"

Mvuvi aligeuza uso dirishani. "Tangu alfajiri," alisema.

"Kazitoe!"

"Halafu wanangu wale nini? Sogezeni maboya!"

"Mpaka kikao cha hifadhi kikae."

"Na pomboo wamealikwa kwenye hicho kikao?"

Basi likasimama. Wote wawili wakashuka mbio kuelekea baharini, huku wakibishana. Kinyozi alibaki ameduwaa dirishani. Kituo chake kilishapita kitambo.