Pikipiki Mwisho Getini

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, umeegemea ukuta wa duka la fotokopi, ng'ambo tu ya geti la chuo. Aliyekaa hapo anaona kila anayeingia na kila anayetoka, na asiyemwona husimuliwa habari zake. Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, Shangazi, muuza kahawa, huweka jiko lake pembeni, na birika likianza tu kulia, wenyewe wameshafika. Spoku, fundi wa pikipiki, kucha zake zina grisi hata siku ya sikukuu. Rula, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, anakaa wima kama aliyemeza kipimo chenyewe. Na Komeo, mlinzi wa geti, hukalia ncha ya benchi, kikombe mkononi, jicho kwenye kizuizi. Walimwita Komeo kwa sababu akishafunga, amefunga. Ila asubuhi hiyo kahawa ilikuwa inampoea mkononi, maana ilikuwa siku ya kwanza ya lile tangazo.

Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye nguzo ya geti, herufi kubwa, halina salamu wala samahani. Kuanzia leo ni marufuku mwanafunzi kuendesha pikipiki ndani ya chuo. Chanzo kila mtu alikijua. Wanafunzi wawili walishindana kwenye kile kilima cha kupanda madarasani, mmoja akamvaa mwenzao aliyekuwa anatembea zake, vitabu kwapani. Mguu ukavunjika. Komeo ndiye aliyefika wa kwanza, akavua koti lake akamwekea kijana yule chini ya kichwa. Tangu siku hiyo pikipiki zikipita mbele yake alikuwa anakunja ngumi bila kujijua.

— Watoto wa watu wameonewa, — Spoku alifungua kikao kabla hata kikombe hakijapoa. — Pikipiki ya mtu ni miguu yake. Leo wamekataza miguu ya chuma, kesho watakataza viatu vya visigino kwa kuwa vinagonga sakafu.

— Sema kweli, — Shangazi alimwambia akimwongezea. — Unalilia uhuru wao au unalilia wateja wako?

— Vyote viwili.

Rula alikohoa kidogo, kama aliyesimama mbele ya darasa.

— Chuo si barabara kuu, bwana. Chuo ni kwaya. Mmoja akijitia kuimba wimbo wake, hata awe na sauti nzuri namna gani, amewaharibia wote.

— Na huo wimbo umetungwa na nani?

— Na wote.

— Mbona mimi sikuitwa?

— Wewe si mwanafunzi.

— Na wewe umestaafu, — Spoku alisema, na benchi likacheka mpaka ubao ukatikisika. Komeo hakucheka.

Rula akapanda daraja. Alisema ingekuwa yeye, wanafunzi wote wangetembea kwa miguu, tena kwa hatua moja, kushoto kulia, wamevaa viatu vya aina moja, ili hata aliyelala maktaba aamke akijua elimu inapita. Spoku naye hakukubali kubaki nyuma. Alisema yeye amefanya uchunguzi wake mwenyewe pale gereji: mwanafunzi mwenye pikipiki hafeli.

— Upepo unasafisha ubongo, mwalimu. Na kwenye kona damu yote inapanda kichwani. Hao maprofesa wanaosahau miwani yao na huku wanayo usoni, wapakie kwenye pikipiki asubuhi na jioni, utaniambia.

— Mnazunguka tu, — Shangazi alisema, kijiko hewani. — Pikipiki ndiyo imeua ndoa. Zamani kijana akimsindikiza msichana walikuwa wanatembea, wanaongea njia nzima, wakifika wamejuana mpaka majina ya shangazi zao. Sasa hivi upepo unavuma masikioni. Huyu anasema "eeh?" na huyu anasema "nini?" mpaka wanashuka. Mtu ataolewa saa ngapi?

Spoku akamgeukia Komeo.

— Wewe mwenye geti, mbona leo umetia maji mdomoni? Na binti yako je? Naye si anapanda?

Komeo aliweka kikombe chini.

— Hata awe mwanangu, hapiti.

Alilisema kwa sauti ya mtu anayefunga mlango, lakini moyoni mlango ulikuwa unagongwa. Binti alikuwa wa marehemu kaka yake. Amemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu, na ile pikipiki ilikuwa ya babaye. Spoku ndiye aliyeifufua, akabadilisha cheni na breki, akamkabidhi msichana ufunguo kama anayemkabidhi cheti. Jana jioni Komeo alimwambia apande basi kama wenzake. Binti alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka.

"Kesho nitakuja na pikipiki, baba mdogo, na utanifungulia."

"Nikufungulie kwa lipi?"

"Utaona mwenyewe."

Hakupandisha sauti, hakununa, alisuuza sahani akaiweka mahali pake. Utulivu ule ulimchoma Komeo kuliko jeuri. Alilala akijiuliza ni lini mtoto huyu alianza kumhesabu kama mtu wa kuzungukwa.

Ngurumo zilisikika kabla ya pikipiki zenyewe kuonekana. Zilikuja kwa kundi, taa zimewashwa mchana kweupe, zikajipanga mbele ya kizuizi zikipiga resi mpaka vikombe vikalia kwenye sinia la Shangazi. Wa mbele alikuwa kijana wa miwani ya jua, ambaye kila mtu alimwita Rais ingawa hakuna aliyempigia kura.

— Mzee, hatujaja kugombana! — Rais alipaza sauti. — Tunadai haki yetu. Mtu mzima haelekezwi jinsi ya kwenda darasani!

Komeo alikuwa ameshavuka barabara, mkono juu ya kizuizi.

— Tangazo umelisoma?

— Nimelisoma. Na wewe msome huyu anayekuja. Jamani, mpisheni! Huyu ni mtoto wake, tuone kama atamfungia mtoto wake!

Kundi likapasuka katikati. Komeo alihisi damu ikimchemka masikioni. Wamemtafuta mwanawe wamtumie kama ufunguo bandia! Binti alikuja polepole kuliko wote, karibu mwendo wa baiskeli. Nyuma alikuwa amempakia mtu mwenye helmeti iliyomzidi kichwa. Alipita katikati ya wenzake bila kuwatazama, akasimama mbele ya kizuizi.

— Shikamoo, baba mdogo.

— Marahaba. Geuza.

— Baba mdogo...

— Nimesema geuza.

Ndipo mtu wa nyuma alipovua helmeti. Mguu wake mmoja ulikuwa umenyooshwa kando, umefungwa plasta kutoka pajani, vidole vimefunikwa soksi ya sufu. Magongo yake yalikuwa yamefungwa ubavuni mwa pikipiki kwa ukanda wa mpira. Mara ya mwisho Komeo kuuona uso ule, ulikuwa chini, juu ya koti lake.

— Shikamoo, mzee, — kijana alisema. — Samahani. Nishuke hapa?

Komeo alitazama kilima. Kilikuwa kile kile alichokiona kila siku, lakini asubuhi hiyo kilikuwa kimesimama kama ukuta. Spoku, aliyekuwa amekuja na kikombe chake, alitazama magongo. Rula alianza kusema "kwa mujibu wa," akaishia hapo. Rais alizima injini, na wengine nao wakazima, si kwa amri, kwa aibu tu.

— Tangu lini unambeba? — Komeo aliuliza.

— Tangu atoke hospitali. Huwa tunapita kabla hujaingia zamu.

— Na jana ulishindwa nini kuniambia?

— Siri haikuwa yangu, baba mdogo. Hakutaka kuwa kisa cha watu.

— Nilijaribu kupanda na magongo, — kijana alisema, macho chini. — Nikifika juu, kipindi kimeisha. Yeye aliniona nimekaa kwenye ukingo wa njia, akanipakia. Hakuniuliza kitu.

Rula hakujizuia. Ualimu ulikuwa haujamtoka.

— Sasa wewe mwenyewe kijana, uliyevunjwa, unaonaje? Zikatazwe au zisikatazwe?

Kijana alifikiri. Hakuwa na haraka.

— Sijui, mwalimu. Nikizisikia nyuma yangu mpaka leo natetemeka, na sitaki limkute mwingine. Hii siiogopi kwa sababu namjua aliyeshika breki.

Rais alivua miwani akaanza kuifuta kwenye shati, ingawa haikuwa na vumbi.

Komeo alisimama pale na mkono wake kwenye kizuizi. Alijua cheo chake kilipoishia. Mwenye kuruhusu hakuwa yeye, na aliyesaini tangazo alikuwa juu kule, ofisini. Akipitisha pikipiki moja, nyingine zote zina mdomo wa kusema. Asipopitisha, amemrudisha chini mtu yule yule aliyemwinua. Alimtazama binti. Msichana hakuwa anambembeleza. Alikuwa anamngoja, kama mtu anavyomngoja mzee wake avae viatu watoke.

— Zima, — Komeo alisema.

— Nimezima.

— Weka nyutro, gia isishike. Shuka, shika usukani. Wewe kijana usishuke, kaa hapo hapo. — Akakiinua kizuizi. — Spoku, njoo huku nyuma. Mwalimu, upande ule.

— Si umesema hapiti? — Spoku alimchokoza.

— Nimesema. Sukuma.

Wakaanza. Mwanzoni ilikwenda kama mkokoteni mzuri, lakini kilima kilipoanza kusimama, magurudumu yakawa mazito na viatu vya ngozi vya Rula vikaanza kuteleza. Rais, aliyekuwa amebaki getini akikodoa macho, aliacha pikipiki yake kwenye stendi akakimbia, akafungua ule ukanda, akabeba magongo begani. Kisha akaona haitoshi, akaweka mkono wake mwingine nyuma ya kiti. Wanafunzi waliokuwa wanapanda kwa miguu waliwapisha, wengine wakauliza kuna nini, na hakuna aliyekuwa na pumzi ya kuwajibu isipokuwa Spoku na Rula, ambao hawajawahi kukosa pumzi ya kubishana.

— Unaona, — Rula alihema. — Kwaya ndiyo hii.

— Kwaya inasukuma pikipiki, mwalimu! Si nilikuambia?

— Nimechoka tu, ningekujibu.

— Jamani, — kijana wa plasta alisema juu pale, akicheka kwa mara ya kwanza, — mtaniangusha.

Komeo alikuwa ametia bega chini ya kiti, jasho likimwingia machoni. Alimwona binti mbele, mikono imekaza usukani, mgongo umeinama vile vile alivyokuwa akiinama kaka yake alipopandisha mzigo. Tangu jana alikuwa amemwona mkaidi. Kumbe mtoto alikuwa amemwamini tu, akamwacha aone mwenyewe.

Juu, kwenye ngazi za jengo la madarasa, alisimama mlezi wa wanafunzi, mama mfupi mwenye shada la funguo mkononi. Ndiye aliyesaini tangazo. Aliwatazama mmoja mmoja, akaishia kwenye plasta.

— Hii imeingiaje?

— Kwa kusukumwa, mama, — Komeo alisema akinyoosha mgongo. — Injini haijalia. Nimeamua mimi, usimuulize mwingine. Ndiye yule aliyegongwa. Hana njia nyingine ya kufika.

Mlezi wa wanafunzi alishuka ngazi mpaka akawa mbele ya kijana.

— Darasa lako liko wapi?

— Ghorofa ya juu kabisa.

— Na ngazi unapandaje?

— Nakaa, nakwea kwa makalio. Nikichoka, napumzika.

Mama aligeuza funguo zake kiganjani kana kwamba anaitafuta moja ambayo hakuwahi kuwa nayo.

— Tumekaa vikao kwa ajili yako, mwanangu, na hakuna aliyekuita. Kuanzia leo mtasomea ukumbi wa chini, mpaka utakapotembea. Na hii itapanda mpaka hapa, mwendo huu huu wa leo. Hizo nyingine bado ni marufuku. Rais!

— Naam, mama.

— Mchana njoo ofisini na wenzako. Na huyu aje, kama anataka kuja.

— Nitakuja, — kijana alisema, akipokea magongo yake. Rais alimshika kwapa akamshusha taratibu, kama anayeshusha kioo cha dirisha.

Binti alikuja akasimama karibu na Komeo, akamfuta vumbi begani kwa kiganja.

— Pole, baba mdogo.

— Siku nyingine uniambie, — Komeo alisema. — Nisukume nikiwa najua.

Msichana akacheka, na Komeo naye, bila kutaka, akacheka. Spoku alikuwa ameshaanza kumweleza mlezi wa wanafunzi habari za upepo na ubongo, na Rula alikuwa anampinga akiwa ameshika magoti, hana pumzi. Mama aliwasikiliza kwa adabu. Kisha akakunja uso, akamgeukia mlinzi wake.

— Na getini umemwacha nani?

Spoku alimtazama Rula. Rula alimtazama Rais. Rais akatazama viatu vyake. Chini ya kilima injini moja iliwaka, ikafuata ya pili, zikawa nyingi. Halafu ikapanda sauti ya Shangazi, kali, neno lisiloeleweka kwa umbali ule, na injini zikazimika moja moja mpaka pakawa kimya.

Komeo alivaa kofia yake vizuri akaanza kushuka. Hakukimbia.