Mpinzani wa Guram

Kijiwe chetu ni benchi moja uani, chini ya dirisha la Natela, ambaye hutupitishia kahawa humo humo dirishani. Nyumba za Sololaki, hapa Tbilisi, zimebanana, kwa hiyo tunajua mambo ya Guram Lomtadze wa ghorofa ya pili zaidi ya anavyodhani. Miaka kumi na tisa amefundisha mekanika ya hesabu huku akiandika tasnifu ya udaktari: paa jembamba la kuba likibebeshwa mzigo, litabonyea lini. Siku hiyo saa nne asubuhi alikuwa anaitetea. Baraza la watahini lilikuwa linavunjwa kesho yake, na sheria haina huruma: mpinzani, yaani mtaalamu wa nje anayepewa kazi ya kuikosoa tasnifu, asipofika, hakuna utetezi. Mpinzani alikuwa anatoka mji wa Kutaisi. Guram alishakwenda stesheni kumpokea.

— Haji huyo, alisema Breki, dereva mstaafu wa tramu. Mke wa Guram kapika tangu jana, leo katangulia kwenye utetezi. Nani ale kwa mtu halafu ampinge?

— Ndiyo sheria yao, alisema Mkasi, kinyozi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone nini? Mimi nilimwomba aniangalie pampu ya maji, akanieleza habari za ganda la yai, eti nalo ni kuba.

— Yai ni siri, kaka. Moscow wanajua. Kuba likibonyea, na nyambizi inabonyea.

— Basi mpinzani kashakamatwa.

Hapo akaingia mzee mdogo wa mwili, mwenye kofia na sanduku.

— Samahani, ndugu zangu, mimi...

— Kaa kwanza, baba, alisema Breki, akimsogezea nafasi. Natela, kahawa na mkate.

Kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajatia kitu mdomoni. Mzee akakaa.

— Mimi nasema mpinzani kaiba kazi yenyewe, aliendelea Mkasi. Atasoma kwa jina lake. Lijitu lile, lina shingo kama fahali.

— Umemwona wapi?

— Mpinzani atakuwaje tena?

— Samahani, alisema mzee.

— Maliza mkate, baba. Haraka haraka haina baraka.

Mzee akamaliza, akanywa kahawa mpaka kwenye machicha, akapangusa masharubu.

— Asanteni. Mimi ndiye mpinzani. Nilipata lifti ya gari, na anwani niliyo nayo ni hii ya kwenye barua zake. Utetezi uko ukumbi gani?

Breki akamtazama Mkasi. Mkasi akanitazama mimi. Nikatazama dirishani, Natela naye akatikisa kichwa. Miaka kumi na tisa tumeijadili kazi ya mtu huyu, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga anakoifanyia.

— Ni saa tatu na nusu, alisema Natela.

Breki akabeba sanduku. Tukatoka wote, mzee yuko katikati yetu kama bwana harusi, na kila tuliyekutana naye njiani tukamuuliza wanahesabu wanakaa wapi.