Baba Yetu Mizani, Aliyewapiganisha Mabingwa Wasiokutana

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, kitinda mimba wa seremala na mshona nguo. Alikuwa bonge la mtoto. Majirani walisema mama yake alipombeba mgongoni, hukujua nani kambeba nani.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu utengenezaji wa makochi mwaka 1970. Huko chuoni mwalimu wa michezo alimvalisha glovu, na ndondi zikamwingia damuni.

Mwaka 1976 alifika fainali ya mkoa, uzito wa juu. Wiki chache kabla ya pambano, mama yake akafariki. Alipanda ulingoni hivyo hivyo, akashindwa kwa pointi na mchukuzi wa mizigo wa stesheni, maarufu kwa jina la Gogo. Watu walinung'unika: "Asingekuwa na msiba, Gogo angelala chali." Baba alitundika glovu, akafungua karakana ya makochi.

Wengi wenu mlimjulia hapo. Mlikaa kwenye makochi yasiyo na vitambaa, springi zikiwachoma, mkibishana: bingwa wa dunia wa enzi za babu zetu akikutana na wa leo, nani ataanguka? Baba alisikiliza, misumari mdomoni, kisha akaitema kiganjani.

"Huyu wa leo mmempa daktari, mpishi na kocha. Wa zamani mmemwacha na njaa yake. Mpeni naye ale kwanza, ndipo wapigane!"

Ndiyo maana mkamwita Mizani. Gogo naye hakukosa ubishi huo. Ila mtu akigusia fainali ya 1976, Gogo alikuwa wa kwanza kubadili mazungumzo.

Mwaka 1979 baba alimuoa mama yetu, muuguzi asiyependa ndondi hata kidogo. "Mnawapiganisha marehemu," alikuwa akilalamika. "Si muwaache wapumzike?" Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2022 baba alianza kuugua figo. Mwezi uliopita, baba akiwa amelazwa, Gogo aliingia wodini, kofia mkononi, mama akiwepo.

"Mizani, leo nijibu. Usingekuwa umefiwa, ningekushinda?"

Baba alijiinua kidogo kwenye mto.

"Ungenishinda. Ile ngumi yako ya kushoto sikuwa naiona. Nisingeiona hata kama mama yangu angekuwa amekaa kiti cha mbele ananishangilia."

Gogo aliketi ukingoni mwa kitanda, akalia kwa sauti. Alipoondoka, mama akauliza, "Baba watoto, ni kweli ulichomwambia?"

"Vijana wale wawili hawatakutana tena, mimi nitajuaje? Lakini ubingwa ni wake. Miaka yote hii ameubeba kama mali ya wizi. Acha aende nao nyumbani."

Baba alifariki asubuhi ya tarehe 2 Juni 2024, mkono wake ukiwa mikononi mwa mama.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu sita na dada yake mkubwa. Ameacha pia rafiki yake Gogo, ambaye leo tumemketisha safu ya wafiwa, si ya wageni.

Lala salama, baba. Mungu akupe pumziko la amani.