Simu Inayonguruma Ukikosea

Benchi la pale kwa Bi Kahawa lilikuwa limejaa, ila Chaji hakuwa na raha. Ni fundi simu, na kwa miezi kadhaa alikuwa akitengeneza programu ya hesabu kwa ajili ya mpwa wake, binti asiyeona. Simu inasoma swali, mtoto anagusa jibu, akikosea inatetemeka kiganjani. Kesho mwalimu angekuja kuijaribu, na akiikubali darasa zima lingeitumia. Tatizo ni kwamba binti mwenyewe, anayezinywa hesabu kama maji, tangu juzi alikuwa anakosea kila swali. Roho ilimuuma Chaji, akawamwagia wenzake yote.

— Mtetemo wenyewe mdogo, alisema Msumari, yule seremala. Hebu lete.

Akailaza simu kwenye benchi, akagusa jibu baya. Benchi likanguruma, vikombe vikacheza.

— Mdogo wapi? Umenimwagia kahawa, alisema Bi Kahawa.

— Basi ni mrefu. Mtoto anadhani kapigiwa simu, alisema Msumari.

— Tatizo hauna mdundo, alidakia Spika, ambaye hupiga ngoma harusini. Akikosea kujumlisha, tu-tu-tu. Akikosea kutoa, tuu-tu. Kuzidisha, unampa ngoma nzima.

— Anasoma hesabu au anaolewa? aliuliza Bi Kahawa.

— Mdundo hausahauliki, shemeji.

— Mkononi atauzoea tu, alisema Msumari. Afungwe simu mgongoni.

— Mgongoni? Mtoto wa watu? alisema Bi Kahawa.

— Au nichonge kiti, simu ikae chini yake. Akikosea, kiti kizima kinatikisika. Tena madawati yote tunayaunga pamoja, mmoja akikosea wanajua wote.

— Siku ya mtihani paa la shule litahama, alisema Bi Kahawa.

Chaji alicheka mpaka akakohoa, ila bado aliiwaza kesho. Pembeni alisimama mwanamke aliyekuja kubadilisha kioo cha simu yake, akisubiri wamalize.

— Samahani kaka, alisema. Akikosea nimeelewa. Na akipatia, simu inafanya nini?

Msumari akamtazama Chaji. Chaji akaitazama simu.

— Inaleta swali jingine, alisema.

— Kimya kimya?

Chaji alikuwa amekumbuka kwamba ni juzi hiyo hiyo alipouongezea nguvu mtetemo wa kosa, na kwamba mpwa wake alikuwa akicheka kila simu inaponguruma. Yeye alidhani ni kicheko cha aibu. Kumbe mtoto alikuwa anajua majibu yote, na anayakwepa moja moja.

Bi Kahawa aliinamisha birika, likatoa tone moja. Hakuna aliyelalamika. Chaji alishafungua kompyuta yake magotini.

— Spika, alisema, ule mdundo wa kumwingiza bibi harusi ukumbini. Nipigie hapa kwenye benchi, taratibu, niushike.