Konokono Wangu Wana Magamba Laini

Kijiwe chetu hapa Yakobi ni gogo la mlingoti lililolazwa mbele ya banda la Odilo wa kahawa, mkabala na mlango wangu, kwa hiyo hata nikifunga dirisha nawasikia. Kila asubuhi wanakaa watatu, kofia za sufu mpaka kwenye nyusi. Injinia, jina lake Fredy, anatengeneza redio na pampu. Kiazi ni Ambrose, mnunuzi wa viazi. Bwana Afya ni Shadrack, aliwahi kulinda geti la zahanati na tangu hapo anatibu watu kwa mdomo. Jumanne nilivuka barabara na ndoo yangu ndogo ya plastiki mkononi, Yonathani mgongoni, nimemfunga kanga mbili na blanketi juu, na niseme mapema kabla sijaogopa tena: sikuwaendea kwa ajili ya konokono. Niliwaendea kwa ajili ya miguu ya mwanangu. Imepinda, ana mwaka na nusu, hajatembea, na kliniki nimeacha kwenda, kwa sababu pale tunavua watoto nguo wote pamoja tukisubiri mzani, na wamama wana macho. Konokono niliwabeba ili nipate kuulizia.

— Kamwene, nikasema.

— Kamwene, Mama Yona! Leo umetuletea supu? Kiazi akachungulia ndoo. Haa! Vidudu gani hivi?

— Konokono wa tangi la samaki. Nilikuwa nafanya usafi gesti moja Makambako, mapokezi pale kuna tangi la kioo, sasa mwezi uliopita nimerudi kusalimia nikakuta wametaga kwenye kioo, meneja anasema kwangua huo ute utupe, mimi naangalia naona vitone ndani vinazunguka, vinazunguka vyenyewe jamani, nikashindwa kutupa. Nikatia kwenye kopo, nikaja nalo kwenye Kosta nimelipakata. Wakaanguliwa hapa hapa nyumbani.

— Umepanda gari na ute wa konokono? Bwana Afya akasogea pembeni.

— Wanakula vizuri. Mboga ya chainizi nawachemshia mpaka inalainika, maji nabadilisha, nawaweka karibu na jiko wasipate baridi. Ila magamba yao laini. Ukimshika mmoja anabonyea, na ncha inakuwa nyeupe, inalika. Sasa nauliza, mtoto akianza laini hivi, atakomaa baadaye? Au ndiyo basi tena?

Nilisema mtoto. Hakuna aliyestuka.

Injinia akachovya kidole kwenye ndoo, akakinusa.

— Maji. Maji ya hapa yanatoka mlimani, ni laini, hayana chokaa. Si unaona sabuni inavyotoa povu? Mdudu atajengea nini? Tia kijiko cha saruji.

— Wale saruji? Odilo akauliza, birika mkononi.

— Kwani nyumba yako wewe imesimama kwa uji?

— Yangu ya mabanzi.

— Ndiyo maana inavuja!

Kiazi akanipokonya ndoo, akaitikisa kidogo, roho yangu ikaruka.

— Acha saruji zako. Hawa wameshibishwa. Kiazi ukikipiga mbolea mpaka kikakua kwa pupa, ukikikata ndani maji matupu. Huyu mama kawapenda kupita kiasi. Wanyime kidogo. Walale njaa, wakomae.

Masikio yakaniwaka. Yona namnyonyesha kila akilia, mama mkwe alishasema namdekeza, na kitu kinachoniua ni kwamba mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, swali la matege lilikuja kwenye mtihani na nililijibu, nikachora na mfupa, nikaupinda vizuri kwa penseli. Halafu mfupa wa mwanangu ulipoanza kupinda nikasema ni suruali inakaa vibaya.

— Nyote hamjui mnachosema, Bwana Afya akasema. Akashusha kikombe. Mdogo wangu, hiyo gesti iko upande gani wa Makambako?

— Karibu na njia panda.

— Mmesikia wenyewe! Malori yanapita pale usiku kucha, ya Mbeya, ya Songea, ya Iringa. Kioo kinatetemeka. Yai linatetemeka. Gamba likitaka kuganda linatikiswa. Ni kama umwage zege, halafu kwaya ije icheze juu yake.

— Shadrack! Injinia akamkatiza.

— Nakwambia. Hata mjamzito hatakiwi kulala karibu na barabara kuu. Zahanati walisema.

— Walisema akina nani?

— Walisema. Mimi si nilikuwa getini?

— Getini unasikia mpaka chumba cha wazazi?

— Upepo ulikuwa unaleta.

Wakacheka wakapigana mabega. Mimi nilikuwa nahesabu. Mimba ya Yona ilikua pale pale gesti, nililala chumba cha nyuma kinachotazama lami, na kitanda kilikuwa kinatetemeka, kweli kilikuwa kinatetemeka. Najua huo ni upuuzi. Najua kabisa. Nikaanza kuamini hivyo hivyo.

— Kwa hiyo ni kosa la mama? nikauliza.

— La mama, mia kwa mia, Bwana Afya akasema.

— La maji! Injinia akapinga.

— Na maji kayachota nani?

— Haya, la mama.

Nikacheka nao. Nilicheka kwa sauti kuliko wao wote, huku nashikilia blanketi kwa nyuma lisiteleze.

Hapo akaja mwanamke mmoja na gunia la kabichi kichwani, akalitua kwa kishindo, akasema ametoka Kichiwa, anaitwa Konsolata, anasubiri gari, na Odilo ampe kahawa ya moto. Akatazama ndoo, akapoteza hamu nayo. Akatazama mgongo wangu.

— Mtoto mkubwa huyo, akasema. Ameanza lini kutembea?

Kiazi akafungua mdomo kujibu, kwa sababu Kiazi hujibu kila kitu. Akaufunga. Akamtazama Injinia, Injinia akamtazama Bwana Afya. Hawa watu wanajua nimepika nini, wanajua mgeni wangu kaingia saa ngapi.

— Eti, Mama Yona, Kiazi akasema polepole. Mbona sisi hatujawahi kumwona chini?

— Baridi, nikasema.

— Hata Desemba?

 Sijui kama niliamua, mikono ilifungua fundo yenyewe, nikamshusha, nikamvua soksi ndefu, nikamkunjia suruali juu ya magoti, na ilikuwa kama vile ni mimi navuliwa. Yona akashika goti la Kiazi, akasimama. Kikombe cha Odilo kingepita katikati ya miguu yake bila kugusa popote.

 Injinia akainamia viatu vyake. Kiazi, ambaye hajui kutulia, alikaza goti lisitikisike. Bwana Afya akasafisha koo, nikangoja aseme malori, nikangoja aseme mama, akakirudia kikombe chake.

Konsolata akachuchumaa mbele ya mwanangu.

— Inamuuma? akauliza.

Watatu wote wakageukia kwangu, na Odilo, na birika lake. Miezi yote nimeijua ile miguu kwa kuificha. Najua suruali ipi inaifunika, najua kanga ifungwe vipi, najua njia ipi haina watu. Hilo moja nilikuwa sijawahi kujiuliza.

— Sijui, nikasema.

Nikapiga magoti kwenye vumbi mbele yao wote, nikaishika ile miguu kwa mikono miwili, taratibu, huku namtazama Yona usoni.